Beringi Mpya na Kuukuu

Kidole cha Fundi kilijulikana mtaani kuliko Fundi mwenyewe. Watu wasiojua anaishi wapi, ana mke au hana, walijua kwamba pale kwenye ukumbi wa mashine za michezo kuna mtu mwenye kidole kinachotambua ugonjwa wa mashine kabla mashine haijafunguliwa. Ndiyo maana, ingawa ukumbini alikuwa Fundi tu, mtaani wakamwita Kidole, na jina likamganda. Hata mkewe alimwita hivyo akikasirika, na alikasirika mara nyingi, maana mwanamume anayerudi nyumbani na grisi kwenye kola ya shati jeupe hawezi kukosa kesi.

Alianzia kwenye baiskeli, katika kibanda cha bati cha mjomba wake. Mjomba alikuwa mchoyo wa maneno na mkarimu wa makonzi. Somo lake kubwa lilikuwa moja tu: beringi, kile kipete cha chuma chenye gololi ndani, haiangaliwi, inasikilizwa kwa kidole. Unaivika kwenye ncha ya kidole, unaizungusha kwa kidole kingine, halafu unanyamaza. Ikiwa nzima, inapita kama haipo. Ikiwa imelika, itakuambia yenyewe, kwa mkwaruzo mdogo kuliko punje ya mchanga. Makonzi yalikoma siku kijana alipoacha kukosea, na tangu hapo hakukosea tena. Baadaye aliitwa ukumbini kuja kukaza miguu ya viti vilivyolegea. Akaona mashine moja imekufa, akaomba aifungue, na hadi mvi zinamwota alikuwa bado hajaondoka.

Mashine nyingi za pale zilikuwa za vijiti na vifungo, za vijana kupigiana kelele. Ila moja, ile ya pembeni karibu na dirisha, ilikuwa ya mpira. Usifikirie mpira wa kupiga teke. Huu ulikuwa mzito, mweupe, mkubwa kama chungwa, umezama ndani ya meza ya mashine hadi kikabaki kichwa tu cha kuviringisha kwa kiganja. Ukiusukuma mbele, kile kilichomo kwenye kioo kinakwenda mbele; ukiupeleka kando, nacho kando. Chini ya meza, mpira ule umelala juu ya rola tatu za chuma, na kila rola imeshikwa na beringi mbili, moja kila upande, ndogo kama vifungo vya koti. Mpira wote, mchezo wote, na furaha yote ya waliokuja kuucheza, vilibebwa na vipete sita ambavyo hakuna mchezaji aliyewahi kuviona. Fundi aliviona. Aliipenda mashine ile kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa inahitaji kidole chake.

Kisha vidole vikafa.

Havikufa kwa siku moja. Vilianza kwenye ncha, kama mtu aliyeulalia mkono. Akavikung'uta, akavisugua, akangoja ganzi ipite kama ganzi nyingine zote zinavyopita. Haikupita. Daktari akamwambia ni sukari, imekula mishipa ya fahamu. Dawa itazuia isisambae, lakini kilichokwisha kwenda asikitegemee sana. Fundi aliyakunja maneno hayo akayaweka mfukoni, na alipofika nyumbani akatoa nusu yake. "Daktari kasema nipunguze sukari," akamwambia mkewe. Mkewe akaondoa kopo la sukari mezani na akaona suala limekwisha.

Ukumbini akaanza kuishi kwa ujanja. Alizikimbilia kazi za macho: taa zilizoungua, waya zilizochomoka, vifungo vilivyopasuka. Skrubu ikimponyoka aliitukana skrubu. Alijifunza kuitazama mikono yake muda wote, kama mtu anayewachunga watoto wa jirani karibu na kisima. Aliogopa. Hakuna siku aliyoingia mlangoni bila kuogopa, maana nje ya kidole kile hakujua yeye ni nani. Kama Shangazi angejua, angemhurumia, na Fundi alikuwa tayari kutukanwa na dunia nzima lakini siyo kuhurumiwa mbele ya mashine zake.

Shangazi ndiye aliyekuwa mwenye ukumbi. Hakuwa shangazi yake wala wa yeyote pale. Alikuwa mdogo kwa Fundi kwa miaka mingi tu, lakini ana mwili, ana sauti, na ana namna ya kukuuliza umekula au hujala inayomfanya mtu mzima ajibu kama mtoto. Wote walimwita Shangazi, na Fundi naye.

"Fundi," alisema wiki ile, akiweka bahasha ndogo juu ya meza ya kazi. "Ule mpira unakwaruza hadi wateja wananung'unika. Jumamosi tuna mashindano. Beringi zako hizi hapa, na uzitunze, maana nimezisubiri kuliko nilivyomsubiri mume."

"Na mume alikuja?"

"Alikuja. Bora ningesubiri beringi." Akacheka mpaka meza ikatikisika. "Hazina nyingine hizo, Fundi. Ukipoteza moja tumekwisha."

Fundi alicheka naye. Kisha akaisogeza bahasha mbali na ukingo wa meza, asije akaiangusha.

Hata hivyo mwanzo ulimwendea vizuri. Alifungua bamba la chuma lililouzunguka mpira, akautoa mpira, akazitoa rola, akazing'oa beringi kuukuu moja moja. Macho yake bado yalikuwa mazuri na aliyatumia. Kisha akafungua bahasha. Beringi mpya huja zimeshindiliwa grisi nzito, na grisi ile inafaa kwa gurudumu la toroli, siyo kwa mpira unaosukumwa na kiganja. Ukiziweka hivyo hivyo mpira utagoma kama punda. Lazima zioshwe kwa mafuta ya taa hadi zibaki kavu, ndipo zipewe tone moja la mafuta ya cherehani, ambayo Fundi alikuwa akimwibia mkewe miaka yote. Akamimina mafuta ya taa bakulini, akazitia mpya. Na zile kuukuu akazitia humo humo.

Fundi mwingine angetumia bakuli mbili. Lakini mjomba wake hakuwahi kutupa beringi bila kuiosha, kwa sababu nyingine haijalika, ina uchafu tu, na hiyo huwekwa akiba. Huoshwa zote pamoja, kisha kidole kinazichambua. Ndivyo alivyofanya tangu ujana, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Alizikoroga kwa brashi, zikagongana, zikatakata. Ndipo akashtuka.

Ndani ya bakuli mlikuwa na beringi kumi na mbili na zote zilimeta sawasawa.

Aliokota moja akaivika kidoleni akaizungusha. Hakuna. Akaokota nyingine. Hakuna. Siyo kwamba ilikuwa nzuri, wala siyo kwamba ilikuwa mbovu. Hapakuwa na kitu, kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Alizisogeza dirishani: chapa ile ile, herufi zile zile. Akaileta moja sikioni, na vijana wa mashine ya jirani wakapiga kelele za ushindi. Alisimama pale na beringi mkononi akahisi kulia, naye hakuwa mtu wa kulia.

Akapiga moyo konde akachagua sita. Alichagua kama anayechagua nazi sokoni kwa kuzitazama ganda, akazifunga, akarudisha mpira, akawasha. Aliposukuma tu, kitu kilichomo kwenye kioo kiliruka, kikasimama, kikaruka tena.

"Fundi!" Shangazi aliita kutoka mlangoni. "Mbona sasa unanguruma kabisa?"

"Beringi mpya hizi, Shangazi. Bado hazijazoeana."

"Hazijazoeana? Kwani zimeoana?" Alikuja akasimama karibu, akautazama mpira, kisha akamtazama yeye, na kicheko kikampungua usoni. "Mimi sikuzaliwa jana. Una shida gani siku hizi? Kama umechoka niambie. Kesho ni Ijumaa. Ikifika jioni bado inanguruma, nitamwita yule fundi wa ukumbi wa pili, na wala usinune."

"Kesho itakuwa tayari."

"Sawa. Nimekusikia."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Alizing'oa beringi zote, akazirudisha bakulini pamoja na zile nyingine, akalifunika bakuli kwa gazeti, akaliweka ndani ya mfuko na kwenda nalo nyumbani mchana kweupe, akiwakwepa waliomsalimia.

Mkewe alikuwa mshona nguo. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele na ilikuwa ikilia, kwa hiyo Fundi alipita kimya hadi jikoni, akafunga mlango, akazimwaga beringi juu ya meza. Pale palikuwa na utulivu. Alizungusha moja sikioni, ikaimba. Ya pili ikaimba. Ya tatu nayo ikaimba vile vile, maana beringi kavu isiyo na mafuta huimba tu, iwe mpya iwe kuukuu. Alizungusha zote na zote zikamwimbia wimbo mmoja. Maji yalimfika shingoni. Ikamjia kwamba midomo yake bado ina hisia, basi akaishika moja kwa midomo akaizungusha kwa kidole, akapata ladha ya mafuta ya taa na kichefuchefu, na hakuna zaidi. Akajaribu kwa ulimi.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mkewe alikuwa mlangoni.

"Umeanza kula vyuma?"

Fundi aliitema beringi kiganjani. "Naipima."

"Kwa mdomo?" Mwanamke aliingia, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni. Alitazama meza, akatazama mikono ya mumewe, akakaa naye akakunja uso. "Juzi ulishika sufuria iliyotoka motoni, ukaibeba mpaka mezani. Nikasema labda mikono ya fundi imekomaa. Fumba macho."

"Mama, nina kazi."

"Fumba macho, nakwambia."

Alifumba. Alisikia akishikwa kiganja na kufunguliwa vidole. Kushikwa kwenyewe alikujua kwenye kifundo cha mkono tu.

"Nimekushikisha nini?"

"Beringi," alisema, kwa sababu ndizo zilizokuwa mezani.

"Kijiko. Tena. Hiki nini?"

Akafikiri. Mkewe ni fundi nguo. "Uzi."

"Funguo. Na sasa?"

Alingoja, akatega vidole kama mtu anayetega sikio ukutani. "Kifungo," akasema. "Hicho ni kifungo."

Fundi alipofumbua macho, kiganja chake kilikuwa kitupu, na mke wake amejishika mdomo.

"Sijaweka kitu," alisema baadaye. "Sijaweka kitu, Baba."

Kisha akakasirika, na alikuwa na haki. Alimuuliza tangu lini, akamuuliza daktari alisema nini hasa, akamuuliza kama yeye ni mke au mpangaji ndani ya nyumba hii. Fundi alisema yote. Alipomaliza alijisikia mwepesi kwa muda mfupi, kisha akajisikia vibaya zaidi, maana sasa lilikuwa jambo la kweli, limesemwa jikoni na limesikika.

"Na hizi je?" mkewe akauliza, akifuta macho kwa ncha ya mkanda.

Akamweleza. Mwanamke alivuta visahani viwili. Akaivika beringi ya kwanza kidoleni, akaizungusha, akainamisha kichwa upande. Hakuna aliyemfundisha kuinamisha kichwa.

"Hii ina mchanga," alisema.

"Weka kushoto."

"Hii laini. Hee, laini kweli. Hii nayo laini. Hii... subiri. Inakwenda vizuri halafu inajikwaa padogo."

"Mara moja kwa kila mzunguko?"

"Mara moja tu."

"Kushoto," alisema Fundi. Angeweza kusema ana furaha, na kwa sehemu alikuwa nayo. Lakini wivu ulimchoma. Kujikwaa kule padogo ndiko alikokuwa akikutafuta maisha yake yote kwenye ncha ya kidole, na sasa alikuwa akisimuliwa, kama kipofu anayeelezwa sura ya mtoto wake. Mkewe aliendelea hadi visahani vikawa na sita sita. Akakisukuma cha kulia mbele yake.

"Kesho umwambie Shangazi."

"Baada ya mashindano."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umelisikia hilo tangu utotoni."

"Nikimwambia, nitakaa pale kama nani? Kama kiti?"

"Basi nije na wewe. Nikae kando tu, kama kuna cha kushika nishike."

"Uje unishike mkono kama mtoto wa chekechea? Wacheke?"

Alilisema kwa ukali na akaona limemwingia. Mkewe alinyanyuka, akampa kichupa cha mafuta ya cherehani bila ya yeye kukiiba, akarudi chumba cha mbele. Cherehani haikulia tena jioni ile.

Ijumaa Fundi aliwahi kuliko mfagiaji. Alitumia macho na subira. Kila beringi alipaka tone lake, akaisukuma mwishoni mwa rola kwa kipande cha bomba, akiisukuma kwa pete ya ndani ili asiiumize, akaziweka rola kwenye vitanda vyake, akaushusha mpira. Akarudisha bamba la juu, lenye tundu ambalo kichwa cha mpira huchungulia, akakaza skrubu kwa zamu. Mwisho, kama alivyofanya kila mara, akapitisha kidole kuzunguka ukingo wa tundu kuhakikisha chuma kimelala sawa hakina mahali kilipoinuka. Kidole hakikukuta kitu. Fundi, kwa furaha aliyokuwa nayo, akakichukua kimya kile kuwa ndio usawa.

Akamwita Shangazi.

Alikuja na kikombe cha chai mkononi na uso wa mtu aliyejiandaa kusema jambo gumu. "Haya. Anza wewe."

Fundi aliwasha. Aliweka kiganja juu ya mpira, akausukuma, na kile kilichomo kwenye kioo kikaondoka kama kimeitwa na mama yake. Hakuna mngurumo. Hakuna kuruka. Akausukuma kando, ukaenda kando. Akauvuta, ukarudi. Aliuacha, na mpira ukaendelea kuzunguka wenyewe, ukazunguka, haukutaka kusimama. Macho yake hayakutoka kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza tangu masika yaliyopita alijisikia mtu mzima.

"Umeona?" alisema, na maneno yakamtoka kwa fujo, kama ya mtu aliyekuwa amezama na sasa ameibuka. "Si nilikwambia? Hazikuwa zimezoeana tu. Beringi ukiijua, Shangazi, hakuna kitu chepesi kama beringi. Tazama hii." Akalemea kwa kiganja chote, akausukuma kwa nguvu, tena na tena, mbele, nyuma, mbele. "Hiyo ni laini. Hapo wacheze hadi mwakani. Mwite huyo wa ukumbi wa pili aje ajifunze."

Shangazi hakucheka. Kikombe alikuwa amekiweka juu ya mashine ya jirani, na hakuwa anatazama kioo.

"Fundi," alisema polepole. "Toa mkono."

"Ngoja uone ukienda kando..."

"Toa mkono hapo."

Akatazama chini. Bamba lilikuwa limeinuka upande mmoja, kiasi cha unene wa kucha, na kila alipousukuma mpira mbele ukingo ulikuwa ukiuma nyama iliyo chini ya kidole gumba na kuipasua. Damu ilikuwa imetapakaa mezani na kuingia tunduni. Mpira mweupe ulikuwa na mshipi mwekundu kiunoni, nao ulikuwa bado unazunguka, kwa sababu beringi zilikuwa nzuri.

Shangazi alikwishaivua kanga begani, anaizungushia kwenye kiganja kile, anakibana kwa mikono miwili, na uso wake umejikunja kana kwamba jeraha ni lake. Alikibana kwa nguvu sana.

"Pole, Fundi. Pole jamani. Pole."

"Haiumi," Fundi alisema upesi, kumtoa hofu.

Mikono ya Shangazi ikalegea. Aliinua uso akamtazama, akatazama kanga iliyokwisha kulowa, akamtazama tena.

"Hata kidogo?"

Fundi alifungua mdomo aseme inauma, lakini alikuwa amechelewa.